Mchungaji Aliyechimba Kiwanja cha Ukumbi Wake

Mchungaji alikuwa na tabia ya kutazama viatu vya mtu kabla ya kumtazama usoni. Alisema uso hufundishwa kuficha mambo, lakini tope halina adabu. Siku ya kwanza nilipofika kwenye uwanja wa kanisa lake, karibu na Ikonge, nikitafuta kibarua cha kuchimba choo, aliinama, akavitazama viatu vyangu, akasema kwa uhakika kabisa, "Wewe umetoka bondeni, kwenye udongo mweusi. Huku kwetu wewe ni mgeni."

"Nimetoka kuchuma chai hapo juu tu, Mchungaji," nikamjibu. "Viatu ndivyo vimetoka mbali. Nilivinunua jana soko la Daraja Mbili, pamoja na tope lake."

Mwingine angeona haya. Yeye alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. Wiki hiyo semina ilipoanza, mfano wake wa kwanza ulikuwa viatu vyangu. Aliniita mbele nikasimama pale kama ng'ombe wa mnada. "Ndugu zangu, hivi viatu havisemi uongo. Hilo tope ni la kweli. Lakini mimi nilidanganyika, kwa sababu kitu kilihamishwa. Mkisikia mtungi wa zamani umepatikana, ulizeni kwanza: umepatikana wapi, na ulifikaje hapo?" Nilirudi nyuma, karibu na masufuria, nikakaa. Choo kilikuwa kimeshakwisha na ujira wangu nilikuwa nimepewa. Sikuondoka. Shule niliiacha nikiwa darasa la sita, na tangu hapo nimezunguka huku na huku, lakini sijawahi kupita mahali watu wanapoeleza jambo nikaweza kuendelea na safari yangu.

Semina yenyewe ilikuwa ya watumishi wa Kanisa la Kilutheri. Walikuja kila Agosti shule zikifungwa: wachungaji, wainjilisti, walimu wa shule ya Jumapili, viongozi wa akina mama. Asubuhi walisoma theolojia ya Biblia, alasiri akiolojia, jioni waliimba. Walutheri si wengi upande huu. Kilima hiki ni cha Wasabato, kile cha Wakatoliki, na Walutheri wamejibanza katikati kama kabari. Kwa kuwa wengine walitoka mbali, semina iliendeshwa kwa Kiswahili, ingawa wenyeji wakichemka tu walihamia lugha yao, Ekegusii, na Mchungaji akagonga meza: "Wageni! Wageni wako hapa!"

Hawakuwa na ukumbi. Kanisa lilikuwa dogo, viti vikipangwa watu wanakaa magoti yakigusana, kwa hiyo waliwamba turubai nje. Agosti ya Nyamira ina baridi na mvua ya alasiri, na mvua hiyo ilisubiri mpaka mtu afike penye utamu wa somo. Maji yalijaa tumbo la turubai, likavimba, mtu akalisukuma kwa mti, na maji yakamwagikia wale wa pembeni pamoja na Biblia zao. Mchungaji alitaka ukumbi kuliko alivyotaka kitu chochote duniani. Alikuwa ameuomba kwa miaka mingi, katika maombi na katika mikutano. Alijua madirisha yatakuwa upande gani. Ukitembea naye uwanjani alikuzungusha kando ya mahali patupu penye nyasi, ili usikanyage mahali pa jukwaa.

Kwa mambo mengine alikuwa mtu asiyejali starehe hata kidogo. Koti lake lilikuwa moja, na mifuko yake ilikuwa imetoboka kwa kubebea mawe. Ofisi yake ilikuwa fujo tupu. Alifundisha kwamba kila tabaka la udongo lisomwe kwa mpangilio, la juu kwanza, la chini baadaye, na meza yake mwenyewe ilikuwa kilima cha karatasi, vikombe na maganda ya ndizi. Nikamkuta siku moja akitafuta miwani. "Usiguse!" akaniambia. "Jumatatu nilikuwa nasoma Warumi, Jumatano nikasahihisha mitihani ya kipaimara. Warumi ndio hawa, mitihani ile pale juu. Miwani iko katikati." Akaingiza mkono katikati ya rundo, akatoa sahani yenye ganda la yai. "Hii ni ya Jumanne," akasema kwa furaha. Miwani ilikuwa kichwani.

Alihubiri dhidi ya udaku, lakini hakuna habari ya mtaa aliyokubali impite. Alikataza watumishi kugombana na Wasabato, halafu yeye mwenyewe alikuwa na ugomvi wa kudumu na mama jirani, Msabato, mjane ambaye shamba lake lilipakana na kanisa. Waligombana wakiwa kila mmoja upande wake wa ua. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa hesabu ya Amri Kumi. Kanisa lake linahesabu usishuhudie uongo kuwa amri ya nane. La mama linahesabu ya tisa.

"Amri ya nane, mama," angesema Mchungaji akipita.

"Ya tisa, Mchungaji. Wewe umeruka sanamu."

"Sikuruka. Iko ndani ya ya kwanza."

"Ndani! Kama mihogo ndani ya gunia. Toa tuone."

Kisha mama angempa mkungu wa ndizi, naye Mchungaji angeupokea kwa mikono miwili.

Ujanani, akiwa chuo cha theolojia, alibahatika kwenda msimu mmoja kuchimba katika nchi za Biblia. Watumishi walipenda kusikia habari za msimu huo, na aliwasimulia kwa namna iliyowaacha na njaa. "Nilikwenda kumtafuta Daudi," alisema. "Nilipiga magoti juani majuma kadhaa, nikapata kokwa za zeituni na ukingo wa shimo la taka. Basi. Nikajua kwamba wakati ule kulikuwa na watu, walikula, na walitupa. Nikarudi nyumbani nimeridhika." Hakuleta hata kokoto. Alirudi na mwiko wa mwashi tu, uliolika ncha, na namna ya kuinama ambayo haikumtoka tena.

Mwinjilisti wa Marani, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, hakuridhika na kokwa. Kila mwaka aliuliza swali lile lile. "Mchungaji, safina ya Nuhu wameipata au bado?"

"Bado."

"Wakiipata je?"

"Wakiipata, wewe utaacha kumwonea jirani yako wivu kwa sababu ng'ombe wake ana maziwa?"

Watu wakaangua kicheko, mwinjilisti naye akacheka, maana ng'ombe wa jirani yake alijulikana. Lakini nyuma ya mzaha ule kulikuwa na jambo ambalo Mchungaji hakulifanyia mzaha. Wapo waliotaka akiolojia iwe rungu la kumpiga asiyeamini. Yeye alikataa kuwapa rungu. Kilichopatikana alisema kimepatikana. Kisichopatikana alisema hakijapatikana, hata kama ni jambo chungu. "Neno limenishika mimi," alisema, "sijalishika kwa vigae. Kwa hiyo siogopi kigae chochote." Mchungaji mmoja kijana alimwambia kwamba maneno hayo yatawavuruga waumini. Akamjibu, "Mwumini anavurugika akigundua ulijua ukanyamaza."

Sasa nieleze shimo lake, maana hakuna semina nyingine niliyosikia ina shimo. Kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya Agosti, alichimba mahali, kina cha magoti, akatandaza majivu na vipande vya chungu alichokinunua Daraja Mbili na kukivunja mwenyewe kwa huzuni. Juu yake udongo mwekundu, akaushindilia. Kisha vumbi na vipande vya mawe laini ya wachongaji wa vinyago, kisha udongo tena, kisha magunzi, vizibo vya soda na kandambili moja. Akaacha nyasi ziote. Semina ikifika, watumishi wa Mungu walivua makoti, wakapiga magoti na vijiko vya jikoni, wakachimbua taratibu, wakachekecha udongo kwa ungo, wakaeleza nini kilitangulia nini. Kandambili ilizua mabishano kila mwaka. Akina mama waliyaona matabaka haraka kuliko wachungaji, labda kwa kuzoea kuangalia kilichoko chini ya sufuria.

Mwaka ninaousimulia, ukumbi ulikuwa umekaribia. Mawe ya msingi yalikuwa yameshushwa kando ya barabara, mabati yamewekwa kwa mzee wa kanisa ambaye ndiye mwenyekiti wa ujenzi, na kamba zilikuwa zimepigwa kwenye vigingi juu ya nyasi zile. Mimi nilikuwa nimerudi, nikaajiriwa kuchimba msingi mara semina itakapokwisha. Mchungaji, kwa kuwa pale patachimbwa hata hivyo, aliliweka shimo lake la mwaka huo ndani ya kamba. "Tuufungue ukumbi kwa elimu," akasema.

Lakini palikuwa na neno juu ya mahali pale. Mama jirani alikuwa amekwenda kwa wazee wa kanisa zaidi ya mara moja akawaambia kwamba zamani, kabla ya kiwanja kutolewa kwa kanisa, palikuwa na nyumba ya mama mkwe wake, na asingependa watu wajenge juu yake kana kwamba hapakuwa na mtu. Wazee walimjibu kwamba kiwanja kilitolewa kikiwa kichaka. Mchungaji mwenyewe alikuwa kwenye kikao hicho. Alikuwa amesema, "Mama, hapo hapakuwa na mtu. Hakuna anayekumbuka nyumba," na kweli hakuna aliyekumbuka, isipokuwa mama mwenyewe.

Alasiri ya pili ya semina, kundi la mwinjilisti wa Marani lilipewa shimo. Walichimba kwa bidii iliyozidi. Wakapita kandambili, wakapita mawe laini, wakapita chungu. Walipaswa kusimama pale. Hawakujua, waliendelea. Kidogo nikasikia tarumbeta: "Mchungaji! Mchungaji, hapa umefanya kazi!"

Tukakimbilia. Chini kabisa palikuwa na majivu meusi yaliyoshikana, na ndani yake jiwe lililoungua, kisha la pili, kisha la tatu, yamekaa kwa pembe tatu, na udongo wa katikati umeiva kwa moto ukawa mgumu kama tofali. Mafiga. Watumishi wakapiga makofi. "Mtaalamu huyu! Ametuwekea hadi jiko!" Mmoja akaanza kueleza kwa ufasaha kwamba tabaka hilo ndilo la kwanza katika mpango wa mwalimu.

Mchungaji alishuka shimoni. Akapiga magoti, akasugua udongo ule kwa kidole gumba, akaunusa. Alikaa hivyo mpaka makofi yakaisha.

"Hii si yangu," akasema.

Wakacheka. Walidhani ni unyenyekevu.

"Sikilizeni. Mimi niliishia pale juu, kwenye chungu. Hii sikuiweka. Hii ni ya watu."

Mwenyekiti wa ujenzi alikuwa wa kwanza kuelewa. Alimshika Mchungaji mkono, akamvuta kando, karibu na mahali niliposimama na jembe. Alizungumza kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee aliyelowa Agosti nyingi.

"Omogaka, mzee mwenzangu, funika. Semina iendelee."

"Nifunike?"

"Mafiga yako kila mahali katika nchi hii. Ya nani? Hujui, sijui. Lakini yule mama akiyaona, ataleta ukoo mzima. Ukumbi utakuwa umekufa. Kwingine kote ni mteremko na kinamasi, wewe mwenyewe ulipima."

"Nilipima," akakubali Mchungaji.

"Basi. Umeungoja tangu nywele zako zikiwa nyeusi."

Chai ililetwa, Mchungaji akashika kikombe hakunywa, na huyo ni mtu aliyekuwa akirudisha chai jikoni ikiwa nyepesi. Aliingia ofisini akafunga mlango. Watumishi walinong'ona chini ya turubai. Wengine walisema afunike, wengine walikuwa bado hawajaelewa kuna nini. Mwinjilisti wa Marani alikaa ukingoni mwa shimo na kijiko chake, mnyonge, akisema, "Ningesimama kwenye chungu mimi. Ningesimama tu."

Mchungaji alipotoka alipita katikati yetu moja kwa moja mpaka kwenye ua wa mama jirani. "Mama!" akaita. "Mama, njoo uone kitu."

Alikuja na kikapu cha chai bado mgongoni. Akashuka shimoni kwa kushikwa mkono na mwinjilisti. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya figa moja, kisha jingine. Tulingoja aseme. Nadhani sote, hata mwenyekiti, tulitaka aseme kitu kitakachokata maneno.

"Sijui," akasema. "Mafiga yanafanana. Mimi nililetwa hapa nikiwa msichana, nikapika kwa mama mkwe mpaka nikapewa jiko langu. Ilikuwa upande huu. Kama ni haya, kama si haya, siwezi kuapa."

"Unaona?" mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini. "Hata yeye hajui."

Mchungaji akasimama juu ya udongo uliofukuliwa. Hakuwa na sauti kubwa, na mvua ilikuwa imeanza kugonga turubai, kwa hiyo watu walisogea.

"Tangu jana nawafundisha jambo moja," alisema. "Udongo hauandiki majina. Siwezi kuwaambia aliyepika hapa ni nani. Lakini sisi tulimwambia huyu mama kwamba hapakuwa na mtu. Mimi nilimwambia. Na mtu alikuwapo. Alipika, alikula, alilea. Hilo tunalijua sasa, na sihitaji kujua zaidi ili nijue kwamba tulisema uongo juu ya jirani. Amri ya nane."

"Ya tisa," akasema mama kutoka shimoni.

Hakuna aliyejua kama anaruhusiwa kucheka. Mchungaji ndiye aliyeanza.

"Unataka tufanye nini, mama?" akamwuliza watu walipotulia.

"Shamba sitaki. Shamba iko. Watoto yangu wako na kwao. Nilitaka museme tu. Sasa mumesema, mbele ya wageni." Akafikiri kidogo. "Na hii jiko musiweke msingi juu yake. Muache iwe hivyo tu."

Kwa hiyo semina ilipokwisha, badala ya kuchimba msingi, nilifukia shimo. Mchungaji alisimama karibu akinielekeza turudishe tabaka kwa mpangilio, la chini chini, la juu juu. Kigingi kimoja kimoja aliking'oa mwenyewe. Alikunja kamba kwa uangalifu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kujifanya, alilia kidogo, akafuta uso kwa mkono wenye udongo, akatembea na uso huo hadi jioni. Mawe ya msingi yalijenga choo cha shule ya chekechea na ukuta wa kuzuia mmomonyoko. Baadhi ya wazee hawakumsemesha mpaka Krismasi.

Mimi niliondoka. Nilifanya kazi ya kupakia ndizi, nikauza nguo kuukuu, nikakaa mji huu na ule. Nilipata fununu kwamba Mchungaji amestaafu. Kisha mwaka huu, mwezi wa nane, nikapita tena Ikonge na nikaambiwa semina ingali inafanyika, ila si kanisani. "Nenda kwa ule mama Msabato," wakanielekeza.

Mtoto wake wa Nairobi alikuwa ameanza kumjengea jumba nyumbani, kama wengi wafanyavyo huku: likapanda kuta, likapigwa bati, halafu likasimama, bila milango wala dari, likingoja siku ya neema. Sebule yake peke yake ingeliingiza kanisa zima. Mama alikuwa ameiona turubai ikivuja Agosti ile ile, akamwambia Mchungaji kwenye ua kwamba nyumba inalaliwa na kuku bure. Tangu hapo Walutheri wanasoma Isaya na Yeremia sebuleni mwa Msabato, kavu kabisa, kuku wakipita katikati ya mistari. Sharti lake ni moja: Ijumaa jua likikaribia kutua, kila Mlutheri awe nje.

Nilifika Ijumaa alasiri. Mwinjilisti wa Marani ndiye aliyekuwa akifundisha, na alikuwa akimwambia kijana mmoja kwa sauti yake ileile, "Bado! Hawajaipata!" Mchungaji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha lisilo na kioo, mwembamba, fimbo magotini. Alitazama viatu vyangu muda mrefu.

"Sikisii tena," akasema. "Wewe keti."

Somo lilipokwisha nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba tangu siku ile. Nilimwuliza kama anaujutia ukumbi.

"Sana," akasema mara moja. "Nilitaka uwe na jukwaa. Nilitaka hata jina langu kwenye jiwe la msingi, herufi ndogo tu, pale chini. Sikumwambia mtu." Akatazama sebule, kuta zake za tofali zisizopigwa plasta, watumishi wakikusanya vikombe, mama mmoja akimwonyesha mwingine kitu ndani ya Biblia. "Ungekuwa mzuri kuliko huu. Dirisha lile pale limewekwa vibaya, jua linaingia machoni mwa mwalimu."

"Na kama ungefunika, je?"

"Ningekuwa nao," akasema. "Na mama angepita kila siku nje ya ua wake akiuona."

Mama jirani aliingia na ufagio, amejifunga kanga kiunoni, na macho yake yako kwenye mwanga wa dirisha. Amezeeka pia, lakini si kwa mikono. "Haya, Walutheri! Tokeni, tokeni, nipige deki. Sabato haiingii kwa nyumba chafu. Wewe mwinjilisti, beba hivyo viti, tumbo sio ya mapambo." Watu wakainuka wakicheka, viti vikapangwa, vitabu vikafungwa. Akamfikia Mchungaji. "Na wewe umekaa tu?"

"Naenda, mama. Nanyoosha miguu."

"Nyoosha ukienda. Maji yameisha."

Mchungaji akaniachia fimbo yake niishike, akachukua ndoo, akateremka polepole kuelekea kisimani.